Vijana wa Chuo na Jembe la Adhabu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo lililowatia wengi uchungu mwaka huu. Uchungu wao ni wa haki. Walakini naona ya kuwa tumeuelekeza mahali pasipo pake, na mtu mwenye hasira akipiga pasipo pake humwumiza asiyestahili, na ugonjwa wenyewe hubaki.

Jambo lenyewe ni hili. Katika usharika wetu tuna mfuko wa elimu. Kila msimu wa kahawa, watu wakiisha kulipwa, kila nyumba hutoa kidogo, na fedha hizo huwasaidia vijana wetu waliopata nafasi katika vyuo vikuu: nauli, godoro, vitabu, na ada pale mkopo wa serikali usipofika au usipotosha. Mfuko huu haukujazwa na matajiri. Wamo ndani yake wajane walioleta mkungu wa ndizi kwa kuwa hawakuwa na shilingi, na ndizi ile ikauzwa mlangoni pa kanisa baada ya ibada.

Basi, baada ya Krismasi, katika mkutano wa usharika, mzee mmoja ambaye namheshimu kama baba yangu alisimama akasema mfuko ufungwe. Alisema, "Twawasomesha watoto hawa ili wapate kutudharau." Akaleta mashtaka matatu juu ya wanafunzi wa chuo. Kwanza, wameidharau nyumba: wakija likizo hulala mpaka jua lipande, nao huhesabu siku za kuondoka kama mfungwa ahesabuvyo siku zake. Pili, kazi wanayoijua ni ya ofisini tu, na ofisi isipopatikana huketi bure mjini kuliko kurudi. Tatu, mambo ya watu wote, ya kijiji na ya nchi, ama hawayajali kabisa, ama huyasema kwa ukali kana kwamba baba zao hawakupata kufikiri hata siku moja. Watu wengi walipiga makofi. Shauri likaahirishwa mpaka msimu huu wa kahawa utakapokwisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wengi wa vijana hao ni mimi niliyewashika mkono kuandika herufi ya kwanza. Siku ile sikusema neno, kwa kuwa sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Nasema mfuko usifungwe. Tena nasema ya kuwa mashtaka yale, ingawa yana kweli ndani yake, yamempata mshtakiwa wa pili tu. Mshtakiwa wa kwanza tumemwacha ameketi barazani pamoja nasi, akipiga makofi.

Kabla ya kuandika haya niliwaita wanne kati yao, wavulana wawili na wasichana wawili, siku chache kabla hawajarudi vyuoni. Tukaketi chini ya mparachichi wa shule. Nikawauliza mambo matatu yale yale ya mzee: nyumbani ni nini kwenu? Kazi ni nini? Na mambo ya watu wote yawahusuje? Sikuwauliza kwa kuwahukumu, nao wakanijibu kama watoto wamjibuvyo mtu waliyemzoea.

Juu ya nyumbani, kijana asomaye uhasibu alijibu bila kufikiri: "Mwalimu, nyumbani ni mahali pa kutoka." Nikamwuliza nani aliyemfundisha hayo. Akacheka, akasema, "Ni mama. Tangu darasa la kwanza aliniambia kila asubuhi, soma sana mwanangu, usije ukawa kama mimi."

Msichana mmoja, asomaye ualimu, alinyamaza kwanza, kisha akasema neno lililonichoma. Alisema, "Chuoni mimi na mwanamume twakaa benchi moja na kufanya mtihani mmoja. Nikifika nyumbani, kaka yangu, ambaye naye yuko chuoni, huketi na baba wakazungumza habari za nchi, nami napewa ndoo. Siichukii ndoo, Mwalimu. Nachukia ya kuwa ndoo ni yangu peke yangu. Kwa hiyo likizo nyingine husema nina mafunzo ya kazi, nikabaki mjini."

Juu ya kazi, kijana wa pili, ambaye anasoma kilimo, aliniambia ya kuwa ataka kuwa ofisa wilayani. Nikamwuliza, "Na shamba la baba yako je?" Akasema, "Nitalisimamia." Nikamwuliza, "Kwa mkono wako?" Akatazama chini. "Mwalimu, nikionekana na jembe mkononi baada ya miaka yangu ya chuo, watu watasema nimeshindwa."

Juu ya mambo ya watu wote, msichana asomaye sheria alisema: "Mwaka juzi nilikwenda mkutano wa kijiji. Nikasimama kuuliza hesabu ya fedha za bomba la maji. Nikaambiwa mbele ya watu wote, wewe ni mtoto wa nani? Keti, mlete baba yako aulize. Tangu siku ile sijaenda tena."

Ndugu zangu wasomaji, yatazameni majibu haya manne, mniambie ni lipi kati yake lililotoka chuoni. La kwanza limetoka jikoni kwa mama. La pili limetoka barazani kwa baba. La tatu limetoka midomoni mwa majirani. La nne limetoka katika mkutano wetu wenyewe. Chuo hakikuwafundisha hata moja. Vijana hawa wanatusomea kwa sauti yale tuliyoyaandika sisi, nasi twashangaa, twauliza mwandishi ni nani.

Nami sijitoi. Kama mama alianza kazi hii kwa maneno, mwalimu aliimaliza kwa jembe. Katika shule nilizozijua, mtoto akichelewa hupewa adhabu gani? Hupewa jembe akalime. Akipiga kelele darasani? Hupewa ndoo akamwagilie miche. Akishindwa hesabu? Hufyeka majani nyuma ya choo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi. Wiki moja mwaka huu niliamua kuandika katika daftari kila adhabu iliyotolewa shuleni petu. Adhabu zote za wiki ile zilikuwa kazi za shamba na za usafi. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeadhibiwa kwa kupewa kitabu asome. Basi mtoto amekaa nasi miaka 7, na katika miaka hiyo kila alipofanya mema alipewa kitabu, na kila alipofanya mabaya alipewa jembe. Akiwa na akili, naye ana akili maana ndiye aliyefaulu, atajifunza nini? Atajifunza ya kuwa jembe ni chombo cha wakosaji. Kisha akifika chuo kikuu asipende jembe, twasema chuo kimemharibu! Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulimkunja, ila tulimkunja upande usiofaa.

Wala kosa hili si la kijiji kimoja. Nchi yetu yenyewe imelitenda, na yafaa tuikumbuke habari hiyo.

Chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, na somo moja tu, sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Siku zile msomi alikuwa mali adimu sana. Nafasi zilizoachwa na Wazungu serikalini zilikuwa zikimngoja kabla hajamaliza mtihani. Ndipo mwezi wa Oktoba 1966 serikali ikaweka mpango ya kuwa wamalizao vyuo na kidato cha sita watumikie taifa kwa muda wa miaka 2, katika utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963: miezi michache kambini, na muda uliobaki katika kazi zao, wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakasirika. Tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana mpaka Ikulu, na baadhi ya mabango yao yalisema ya kuwa heri wakati wa ukoloni.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akafanya mambo mawili. La kwanza, alikiri ya kuwa mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akatangaza pale pale kuupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hilo ni tendo la mtu mkubwa, maana alianza kujikata nafsi yake kabla ya kuwakata wengine. La pili, aliwafukuza wanafunzi karibu 400. Nao walipelekwa wapi? Walirudishwa makwao vijijini. Wengi wao walipokewa tena chuoni mwaka uliofuata.

Miaka 12 ikapita. Mwezi wa Machi 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana tena. Safari hii hawakutetea mifuko yao. Walipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri, wakisema hailingani na siasa iliyohubiriwa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Waliyoyasema yalikuwa karibu sana na yale aliyoyasema Mwalimu mwenyewe mwaka 1966. Polisi wakawazuia, na wanafunzi mamia wakafukuzwa. Nao walipelekwa wapi? Walirudishwa makwao.

Sasa fikirini. Wa mwaka 1966 walijitetea wenyewe. Wa mwaka 1978 waliwatetea wakulima. Makosa yao, kama yote mawili yalikuwa makosa, hayakufanana hata kidogo. Lakini adhabu ilikuwa ile ile: nenda kwenu. Simlaumu Mwalimu kwa chuki; alikuwa na nchi changa mikononi, na mimi sikuwa na kitu. Walakini nasema ya kuwa nchi nzima ilifanya kama nifanyavyo mimi shuleni. Nyumbani kwa baba na mama pakawa gereza la wasomi. Na mahali panapofanywa gereza hapatapendwa kamwe, hata pakipambwa kwa nyimbo.

La kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alionyesha ya kuwa shule tulizorithi zilimtenga mtoto na watu wake, zikamfundisha kudhani ya kuwa maarifa ya wazee si kitu, zikafanya kana kwamba kazi ya shule ya msingi ni kuwachuja wachache waendao sekondari. Akataka kila shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi yake na kuyaona matunda yake. Nasi walimu tulifanya nini na shamba lile? Tuliwanyima wanafunzi kupanga, tukawaachia kulima. Matunda yakaenda wasikokujua. Na shamba likawa mahali pa kupelekwa waliochelewa. Tulipewa dawa tukaigeuza kuwa fimbo.

Najua wako watakaosema, "Mwalimu, je, ni dhambi mzazi kumtakia mtoto wake maisha mema kuliko yake?" Hasha. Mama aliyebeba kahawa kichwani miaka 30 ana haki ya kutamani mwanawe asibebe. Lakini yako maneno mawili yafananayo kwa sura na kupigana kwa maana. La kwanza ni hili: "Soma, usije ukawa kama mimi." La pili ni hili: "Soma, urahisishe kazi hii iliyonivunja mgongo." La kwanza humfundisha mtoto kumkimbia mama yake. La pili humfundisha kumkimbilia. Uchungu wa mama ni ule ule. Njia ndizo mbili.

Wako pia watakaosema ya kuwa Maandiko yamwamuru mtoto kuwaheshimu baba na mama. Ni kweli, nami sitaki kupunguza hata neno moja. Lakini yule Mtume aliyewaandikia watoto wawatii wazazi hakukomea hapo. Mara ile ile aliwageukia akina baba akawaonya wasiwachokoze watoto wao. Tena twapenda sana kuhubiri habari ya mwana mpotevu, na kila tuihubiripo twamtazama kijana. Hebu leo tuitazame nyumba. Yule kijana alipokuwa na njaa katika nchi ya mbali alikumbuka nini? Alikumbuka ya kuwa nyumbani kwa baba yake hata watumishi wa mshahara walikula wakasaza. Nyumba ile ilikuwa na cha kurudia. Na alipoonekana mbali, baba hakumngoja mlangoni ili amwulize ameshindwa nini. Alimkimbilia.

Na sisi twamkimbilia nani? Nitasema jambo ambalo wasomaji wa kwetu watalijua, nami sitataja jina. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa usharika wetu alimaliza shahada, akatafuta kazi mwaka mzima, kisha akarudi. Akapanda nyanya na kabeji kando ya mto, akafuga kuku. Je, tulimchinjia ndama? Watu walisema amerogwa. Wengine walisema alifukuzwa kazi kwa wizi, naye hakupata kuajiriwa hata siku moja. Mama yake aliona haya kupita sokoni. Watoto wa shule yangu walimwimbia njiani wakimwita "Digrii ya Nyanya", nami nilisikia nikanyamaza. Baada ya misimu miwili, nyanya zikiwa zimeanza kumpa faida, aliondoka usiku, na sasa yuko mjini akiuza nguo za mtumba. Mzee yule aliyesimama kanisani kusema vijana hawarudi, alikuwa mmoja wa waliomcheka aliporudi. Nasema hili kwa heshima, nami nimekwisha kumwendea nyumbani kwake na kumwambia kabla ya kuliandika. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, "Andika."

Hata hivyo, enyi vijana wa chuo mtakaosoma haya, msidhani nimewapatia pa kujificha. Ninyi si watoto. Mtu mwenye miaka 22, anayeweza kubishana juu ya katiba na bei ya dunia, hawezi kusema, "Ndivyo nilivyofundishwa," akanyamaza. Kujua kosa lilikotoka ni mwanzo wa kulitengeneza, wala si ruhusa ya kukaa nalo.

Juu ya nyumbani nawaambia hivi. Wengi wenu mwasoma kwa mkopo wa Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 mtakapoajiriwa mtakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Deni lile lina karatasi, nanyi mtalilipa mpende msipende. Lakini mkungu wa ndizi wa mjane hauna karatasi. Hakuna afisa atakayeukata katika mshahara wenu. Deni lisilo na karatasi hulipwa na mwenye utu peke yake, na hapo ndipo tutakapojua chuo kimewapa nini. Mwacha asili ni mtumwa, hata akivaa tai.

Juu ya kazi, acheni kujidanganya ya kuwa leo ni mwaka 1961. Vyuo vikuu sasa ni makumi, na kila mwaka wahitimu ni wengi kuliko viti vya ofisini. Kumngoja mwenye ofisi akuite, na kuona haya kuianza kazi iliyo mbele ya mkono wako, si elimu. Bwana wetu alijulikana kwao kuwa seremala kabla hajaanza kuhubiri, na Paulo, aliyesoma miguuni pa Gamalieli, alishona mahema ili asiwalemee watu. Hakuna aliyesema Paulo ameshindwa. Na Mwalimu Nyerere, aliyesoma Makerere na Edinburgh, alipoacha urais mwaka 1985 alirudi kijijini kwake Butiama akalima. Kama jembe halikumshusha aliyetoka Ikulu, litamshushaje aliyetoka bwenini?

Juu ya mambo ya watu wote, nakuambia wewe binti uliyeketishwa chini: rudi. Sheria za serikali za mitaa zasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkaaji wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Hukuingia pale kwa hisani ya mtu, wala huna haja ya kumleta baba yako. Uliloliuliza lilikuwa swali la haki. Hesabu ya bomba ni mali ya kila achotaye maji, nawe ndiwe unayechota. Walakini rudi kwa adabu ya kwetu: usimame, usalimu wazee, uulize kwa sauti ya chini na kwa tarakimu. Na ukinyamazishwa tena, mimi nitasimama niulize swali lile lile, nao watuketishe wawili.

Sasa, kwa kuwa ni rahisi kulaumu bila kujenga, nataja manne ninayoyaomba.

Kwanza, walimu wenzangu, jembe, ufagio na ndoo visiwe adhabu tena katika shule zetu, wala nyumbani. Mtoto aliyekosa aonywe, alipe alichoharibu, akose mchezo. Lakini shamba liwe kazi ya heshima, ya wote pamoja na mwalimu wao, na mavuno yake yahesabiwe mbele ya watoto, walijue kila debe lilikokwenda.

Pili, akina baba, ndoo igawanywe. Mvulana aliye likizo achote maji na kuosha vyombo kama dada yake, na msichana aketi barazani kuzungumza kama kaka yake. Nyumba ikimpa binti ndoo peke yake, isishangae akikaa mbali nayo.

Tatu, mfuko wa elimu uendelee, lakini wenye kusaidiwa wapewe kazi wakija likizo, tena kazi ya elimu yao, wala si ya kuwadhili. Asomaye uhasibu asome hesabu za chama chetu cha ushirika, awaeleze wakulima bei na makato kwa maneno wanayoyaelewa. Asomaye kilimo aitazame mibuni yetu iliyozeeka, atuambie ipi ikatwe na ipi ing'olewe. Asomaye sheria awaeleze wajane haki zao za ardhi. Asomaye ualimu aje darasani kwangu. Nina watoto wengi na mikono miwili. Hapo mzee ataona fedha yake ikirudi, na kijana ataona ya kuwa kijiji chamhitaji.

Nne, arudipo kijana kwa hiari yake kufanya kazi kwetu, tumkimbilie. Asichekwe. Na atakayemcheka, hata akiwa mzee wa kanisa, aonywe kama tuonyavyo walevi. Maana mlevi huharibu siku yake moja, bali yule amwondoaye kijana kijijini ameharibu kizazi.

Bwana Mhariri, nimemaliza. Mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, watoto 6 walichelewa shule. Zamani ningewapa jembe bila kufikiri. Niliwaandikia jina, nikawaambia watabaki mchana kumaliza somo walilolikosa. Kisha, saa ya kazi ilipofika, nikachukua jembe mimi mwenyewe, nikaanza mstari wa kwanza, darasa zima likanifuata. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, umekosa nini?"

Sikuweza kumjibu mara moja. Nimelima nao kila Jumatatu tangu siku ile, na swali hilo sijaulizwa tena. Mkutano wa usharika utakapokaa baada ya msimu, nitainua mkono wangu kupinga kufungwa kwa mfuko. Nawaomba wasomaji wa kwetu waje, nao wainue mikono yao pamoja nami.

Wasalaam,
Ndimi mwalimu wenu wa kijijini.